Kabla ya Kuwasha Injini: Kazi ya Mwalimu wa Pikipiki Mtaani Pipeline

Mtaani Pipeline, katika eneo bunge la Embakasi Kusini, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo humfikisha nyumbani mfanyakazi wa zamu ya usiku matatu zinapoadimika. Ndiyo hubeba mtungi wa gesi, gunia la viazi, mtoto mwenye homa na mama aliyeshikwa na uchungu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi, na asubuhi yoyote mtu akisimama steji ya Pipeline ataona jinsi umati huo unavyotegemea magurudumu mawili.

Waendeshaji ni wengi. Waliofundishwa na mwalimu ni wachache kuliko inavyofaa.

Somo hili linahusu kazi ya mwalimu wa pikipiki. Linawalenga wakazi wa aina tatu: mwendeshaji mzoefu anayefikiria kugeuza ujuzi wake kuwa kazi ya kufundisha, kijana au mzazi anayetafuta mahali pa kujifunza, na abiria anayetaka kujua kwa nini mwendeshaji mmoja humpa utulivu na mwingine humfanya afumbe macho.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili. Kumfanya mtu aende na pikipiki huchukua alasiri moja. Kumfanya aweze kusimama ghafla, mahali popote, bila kuanguka, huchukua siku nyingi. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya mwalimu.

Namna wengi walivyojifunza

Jina bodaboda lilitokana na mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani. Pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli baadaye, na zikaongezeka kwa kasi nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250 ili vijana wapate kazi.

Pikipiki ziliongezeka haraka kuliko walimu. Kijana alijifunza kwa rafiki steji, jioni, baada ya wateja kupungua. Aliambiwa klachi ni hii, gia ni hii, mafuta huvutwa hivi. Akizunguka mara tatu bila injini kuzima, alihesabiwa amejua.

Mafunzo ya rafiki yana ukarimu ndani yake, lakini ni mafupi, na hurithisha makosa. Kosa linalorithishwa zaidi ni onyo kwamba breki ya mbele humrusha mtu, kwa hivyo isiguswe. Anayeamini hivyo hutumia breki ya nyuma peke yake. Siku mtoto anapokatiza barabara, gurudumu la nyuma hujifunga, pikipiki hulala ubavu, na mwendeshaji hufika kwenye kile alichokuwa akikikwepa akiwa chini.

Jambo hili halipatikani Nairobi pekee. Mwaka wa 1981, mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 mjini Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hizo walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa jamaa na marafiki. Ripoti ilieleza pia kwamba kwa kawaida mwendeshaji alikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi na kuitumia ya mbele kidogo mno, na kwamba alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kuikwepa ajali. Katika sekunde 2 hakuna nafasi ya kufikiri. Mkono na mguu hufanya kile vilichozoea, na aliyevizoeza ni yule aliyefundisha.

Hesabu ya kusimama

Mwalimu mzuri huanza na hesabu, tena huichora chini kwa kijiti ili mwanafunzi aione.

Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri takriban mita 11 kila sekunde. Mwendeshaji akichukua sekunde 1 kuona hatari na kuitikia, mita 11 zimekwisha kabla breki hazijaguswa. Kwenye lami kavu, akitumia breki zote mbili kwa ustadi, atahitaji mita kama 11 nyingine hadi asimame. Jumla ni mita 22, ambazo ni sawa na matatu nne za viti 14 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Akitumia breki ya nyuma peke yake, umbali wa kufunga breki huweza kufika mara mbili ya huo.

Mwendo ukiongezeka maradufu hadi kilomita 80 kwa saa, umbali wa kuitikia huongezeka maradufu, lakini umbali wa breki huongezeka mara nne. Sasa anahitaji zaidi ya mita 60. Matatu nne zimekuwa kama kumi na mbili. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini pengo la mita 5 nyuma ya lori kwenye Barabara ya Outer Ring halimtoshi kwa lolote.

Sheria inasemaje

Baadhi ya wakazi hufika katika ofisi za kaunti wakitafuta leseni ya kuendesha. Ni vyema kujua nani anahusika na nini. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti husimamia barabara za kaunti, taa za barabarani, uegeshaji, uchukuzi wa umma wa barabarani na vyuo vya ufundi vya mashinani. Leseni za waendeshaji, usajili wa shule za udereva na idhini ya walimu wake viko chini ya serikali ya kitaifa, kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, yaani NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Shule hizo na walimu wake huongozwa na kanuni zilizotolewa mwaka wa 2020 chini ya Sheria ya Trafiki.

Maana yake kwa anayetaka kufundisha ni kwamba kuwa mwendeshaji hodari steji hakumpi ruhusa ya kutoza watu ada ya mafunzo. Ni lazima awe na idhini ya mwalimu, na afanye kazi chini ya shule iliyosajiliwa. Maombi huanza kwenye jukwaa la eCitizen, na masharti yanayotumika wakati huo huonekana hapo hapo.

Leseni za pikipiki ziko katika kundi A, lenye madaraja matatu. A1 ni ya vipikipiki vidogo visivyozidi cc 50, na umri wa chini ni miaka 16. A2 ni ya pikipiki za kawaida, kuanzia miaka 18. A3 ni ya bodaboda, wabeba vifurushi na tuktuk, kuanzia miaka 21. Mwalimu humuuliza mwanafunzi siku ya kwanza anataka kuifanyia nini pikipiki. Kijana wa miaka 19 anayetaka kubeba abiria anapaswa kuelezwa ukweli kabla hajalipa ada.

Mwanafunzi hupata kwanza leseni ya muda, ambayo wengi huiita PDL, kisha hujifunza, kisha hufanya mtihani wa maswali na wa vitendo mbele ya mtahini wa NTSA. Mwalimu hampi mtu leseni. Anayeahidi leseni bila mtihani anauza karatasi itakayomtia mwenyewe mashakani siku ya ajali, kampuni ya bima itakapoanza kuuliza.

Sheria ya Trafiki inataka pia mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kung'aa usiku, na inaruhusu abiria mmoja tu. Bima ya kulinda wahusika wengine ni ya lazima kwa kila chombo kilicho barabarani, na pikipiki ya mafunzo haijasamehewa.

Mwalimu asiye na breki

Mwalimu wa gari hukaa kando ya mwanafunzi, na gari la mafunzo huwa na breki ya pili chini ya mguu wake. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hulisimamisha gari.

Mwalimu wa pikipiki hana breki hiyo. Mara klachi inapoachiliwa, mwanafunzi yuko peke yake. Mwalimu amebaki na sauti, tena sauti inayoshindana na injini, honi za matatu na muziki wa dukani. Kwa sababu hiyo, kila kitu muhimu lazima kifundishwe kabla ya gurudumu kuzunguka. Tofauti hii ndiyo inayoeleza sifa zinazohitajika katika kazi hii.

Sifa ya kwanza ni kuweza kuugawa ujuzi vipande vipande. Mwendeshaji wa miaka kumi hafikirii tena klachi. Vidole vyake hufanya vyenyewe. Akiulizwa hufanyaje, hujibu, "Unaachilia tu polepole." Jibu hilo halimsaidii mgeni. Mwalimu lazima arudi nyuma hadi pale alipokuwa hajui, atafute hatua zote alizozisahau, na azipange kwa utaratibu.

Sifa ya pili ni maneno machache. Amri ya mafunzo iwe fupi na iwe ile ile kila siku: "Klachi." "Kamua." "Simama." Mwalimu anayetoa hotuba pikipiki ikiwa inatembea anamchanganya mwanafunzi.

Sifa ya tatu ni utulivu. Mwanafunzi anayepigiwa kelele hukaza mikono, na mkono wa kulia uliokazwa huvuta mafuta. Hivyo kelele ya mwalimu huweza kuongeza mwendo wa pikipiki aliyotaka isimame.

Sifa ya nne ni mfano. Mwalimu akihamisha pikipiki kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine bila helmeti, amefundisha kwamba helmeti ni ya polisi. Mapitio ya tafiti nyingi duniani yameonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali. Faida hiyo huhitaji helmeti inayobana vizuri na kamba iliyofungwa. Ile inayoning'inia mkononi haimlindi mtu.

Mpango wa masomo

Utaratibu ufuatao unaweza kufuatwa katika uwanja wowote uliozungushiwa ua, kama uwanja wa shule au wa kanisa siku usipotumika, kwa ruhusa ya wenyewe. Vichochoro vya Pipeline vilivyo kati ya maghorofa, wanakocheza watoto na kupangwa meza za wachuuzi, si mahali pa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Injini ikiwa imezimwa. Mwanafunzi hukagua matairi, breki, mnyororo, taa, indiketa, vioo na honi. Hujifunza kupanda na kushuka upande wa kushoto, kulipo stendi. Kisha huisukuma pikipiki kuzunguka uwanja, akiigeuza kulia na kushoto, mpaka auzoee uzito wake. Wengi huona hatua hii ni ya kupoteza muda. Aliyeipitia haangushi pikipiki akiwa amesimama.

Hatua ya 2: Klachi. Mkono wa kushoto unashika klachi, mguu wa kushoto gia, mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Mwalimu aangalie mpangilio wa gia wa pikipiki iliyopo, maana hautofautiani kwa jina tu bali kwa vitendo. Mwanafunzi hutafuta pale klachi inapoanza kushika, na kutembea mita 10 miguu ikiwa karibu na ardhi, bila kuvuta mafuta. Husimama. Hurudia hadi iwe kawaida.

Hatua ya 3: Kusimama. Chupa za maji zilizojazwa mchanga huwekwa mistari miwili. Mwanafunzi huja kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa na kusimama kati ya mistari, kisha 20, kisha 30. Breki ya mbele hukamuliwa kama chungwa, kwa nguvu inayoongezeka, hainyakuliwi. Breki ya nyuma husaidia. Macho hutazama mbele, si chini kwenye gurudumu. Asiyefaulu kwa 20 hapelekwi 30.

Hatua ya 4: Kona. Pikipiki huelekea macho yanakotazama. Anayekodolea shimo macho huingia shimoni. Mwanafunzi huzunguka chupa kwa umbo la nambari 8, polepole, akigeuza kichwa kabla ya kugeuza usukani. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake.

Hatua ya 5: Barabara tulivu. Asubuhi ya Jumapili, mwanafunzi hutoka na alama ya L, mwalimu akifuata nyuma kwa pikipiki nyingine. Hujifunza kutazama kioo, kutoa ishara, kugeuza shingo kuangalia pembeni ambako kioo hakionyeshi, ndipo abadilishe njia. Nchini Uingereza, ambako mafunzo ya msingi ya pikipiki yalifanywa kuwa ya lazima mwaka wa 1990, mwalimu mmoja haruhusiwi zaidi ya wanafunzi 4 uwanjani na 2 barabarani. Ni kipimo kizuri cha kujifunza nacho popote.

Hatua ya 6: Abiria na mzigo. Kwanza mfuko wa mchanga, kisha mtu mzima aliyevaa helmeti. Pikipiki yenye abiria huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, hupinda kwa uzito, na huyumba abiria akigeuka kumsalimia jirani. Mwanafunzi hufundishwa kumwambia abiria namna ya kukaa na kushika kabla ya kuondoka. Neno la adabu husaidia: "Mama, shika vizuri hapa nyuma, tunakaribia matuta."

Pikipiki za umeme, ambazo zinaongezeka Nairobi, hubadilisha somo kidogo. Nyingi hazina klachi wala gia, kwa hivyo hatua ya 2 hufupishwa. Lakini nguvu huja papo hapo mkono unapogeuzwa, na mwenda kwa miguu hasikii mlio. Hatua ya 3 hapo ndiyo huongezewa muda.

Barabara za Pipeline kama darasa

Mwanafunzi akishakomaa uwanjani, mtaa wenyewe humfundisha, mradi mwalimu ajue pa kumpeleka na saa ya kumpeleka.

Barabara ya Outer Ring hutoka Thika Road hadi inapokutana na North Airport Road, mahali ambapo wakazi bado hupaita Taj ingawa jengo la maduka la jina hilo lilibomolewa mwaka wa 2018. Hapo somo ni kuingia kwenye msururu wa magari yaendayo kasi na kutoka kwa usalama. Magari husogea kando ghafla kuwahi steji, kwa hivyo mwanafunzi hufundishwa kusoma dalili: utingo aliyening'inia mlangoni, dereva anayetazama pembeni, abiria waliosimama ukingoni mwa barabara. Matatu huanza kusimama katika ishara hizo kabla taa zake za breki hazijawaka.

Malori na trela za kuelekea viwandani na bandari ya nchi kavu ya Embakasi hufundisha jambo jingine. Kama mwendeshaji haoni vioo vya dereva wa trela, dereva naye hamwoni. Upande wa kushoto wa trela inayopinda kushoto ndipo pabaya kuliko pote. Mwalimu anaweza kumwomba dereva wa lori lililoegeshwa ruhusa, ili mwanafunzi apande kwenye kiti cha dereva atazame vioo. Dakika tano za kukaa pale humtosha.

Ndani ya mtaa, kuelekea Kware na Mukuru Kwa Njenga, hatari ni za mwendo mdogo: mtoto anayetoka katikati ya majengo, maji machafu yaliyofunika shimo, kokoto, mkokoteni unaorudi nyuma. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta na vumbi lililolala juu ya lami na kuifanya iteleze kuliko mvua inayofuata. Mwalimu hafuti somo la siku ya mvua. Hulihamishia uwanjani, na humwonyesha mwanafunzi jinsi kugusa breki kwa upole mapema kunavyoshinda kuzikaza umechelewa.

Mwanafunzi mwenye haraka

Jaribu kubwa la mwalimu wa Pipeline huja na pikipiki ya mkopo. Kijana amelipa malipo ya kwanza, ameikabidhiwa, na malipo ya kila siku yameanza kuhesabiwa kabla hajajua kusimama. Mwingine amekodisha kwa mwenye pikipiki anayetaka hesabu yake kila jioni. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mwalimu, nimeshajua kuendesha. Kesho naingia steji."

"Jana ulisimama kwa mwendo wa 30 mara ngapi bila kuteleza?"

"Mara mbili kati ya tano."

"Kijana wangu, hizo tatu zilizobaki utazifanyia wapi?"

"Lakini deni, mwalimu. Nisipotoka kesho, nitadaiwa ya siku mbili."

"Ukivunjika mguu utadaiwa ya miezi mitatu, na pikipiki imelala polisi."

Mwalimu hawezi kumlipia deni. Anaweza kufanya mambo matatu. La kwanza ni kumshauri kila anayepanga kukopa ajifunze kabla ya kutia sahihi, kwa pikipiki ya shule, ili siku ya kwanza ya deni iwe pia siku ya kwanza ya kazi. La pili ni kupanga masomo alfajiri au jioni, ili anayefanya vibarua asikose riziki. La tatu ni kukataa kutia sahihi kwamba mtu amehitimu wakati bado. Hili la tatu humpotezea ada na pengine rafiki, lakini abiria wa kesho hana mtetezi mwingine uwanjani pale.

Hesabu ya mwalimu

Kazi hii hulipa, lakini si utajiri wa haraka. Nambari zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu. Si bei zilizowekwa na yeyote. Mwalimu akifundisha wanafunzi 8 kwa mwezi, saa 10 kila mmoja, kwa shilingi 6,000, anapata shilingi 48,000. Akitoa mafuta 8,000, kodi ya uwanja 6,000, matengenezo 5,000 na sehemu ya bima 1,500, hubaki na shilingi 27,500 kwa saa 80 za kufundisha. Hiyo ni takriban shilingi 344 kwa saa.

Kishawishi kiko wazi. Akipunguza masomo kuwa saa 3 na ada ikibaki ile ile, hela ya kila saa huongezeka maradufu na zaidi. Hasara haionekani kwenye daftari lake. Huonekana Mama Lucy Kibaki na Kenyatta, katika wodi za mifupa, na katika nyumba ambayo mchumaji wake amelala kitandani. Kwa hivyo mwanafunzi anayelipa ada ana haki ya kuuliza idadi ya saa, na mwalimu mwaminifu huiandika kwenye risiti.

Walimu wengine huajiriwa na shule, wengine hupata kazi kwa kampuni za kusafirisha vifurushi au kwa vyama vya waendeshaji vinavyotaka wanachama wao warudie mafunzo. Mwendeshaji mzoefu hufaidika na somo la nusu siku la breki, hasa yule ambaye hajawahi kuamini breki ya mbele.

Wanawake ni wanafunzi ambao soko hili limewasahau. Katika Kaunti ya Siaya, kikundi kinachoitwa Boda Girls kimeonyesha kwamba wanawake wakifundishwa vizuri huendesha bodaboda kama kazi na kuwafikisha wajawazito hospitalini. Mwalimu wa Pipeline anayepanga saa ambazo mama wa watoto anaweza kufika, na anayekataza mizaha uwanjani, atapata wanafunzi ambao wengine hawawapati.

Maswali ya kumuuliza mwalimu kabla ya kulipa

1. Shule imesajiliwa na NTSA, na idhini ya mwalimu iko wapi?
2. Masomo ni saa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za vitendo?
3. Uwanja uko wapi, na ni wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja?
4. Pikipiki ya mafunzo ina bima, vioo, na breki zote mbili zinazofanya kazi?
5. Helmeti inatolewa? Ina alama ya ubora ya KEBS, na kamba yake inafunga?
6. Nisipokuwa tayari kwa mtihani, itakuwaje?

Mwalimu akikasirishwa na maswali haya, jibu limepatikana.

Marudio ya somo

Wanaosoma kwa vikundi, steji au katika chama, wanaweza kujadili haya:

1. Kwa nini mwalimu wa pikipiki hutegemea maandalizi zaidi kuliko mwalimu wa gari?
2. Mwendo ukitoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, umbali wa breki huongezeka mara ngapi?
3. Katika steji yenu, ni wangapi hutumia breki ya mbele kila siku? Waliosema hawaitumii, nani aliwafundisha?
4. Taja sehemu mbili mtaani ambapo mwanafunzi hafai kupelekwa wiki ya kwanza, na sababu.

Huduma kwa mkazi

Maombi ya leseni ya muda, mtihani na leseni hufanywa kupitia eCitizen. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika kituo cha Huduma cha Makadara. Ajali ikitokea, piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Usimvue majeruhi helmeti ila akishindwa kupumua, na usimnyanyue na kumpakia kwenye pikipiki nyingine. Mgongo uliopona barabarani huweza kuvunjika njiani. Simamisheni magari, mzuieni damu kwa kitambaa safi, na mkae naye hadi msaada ufike. Mwalimu mzuri huliweka hili pia katika masomo yake, kwa sababu mara nyingi mwendesha bodaboda ndiye wa kwanza kufika.